Kwa nini riwaya ya Kiswahili inachosha kuisikiliza kuliko kuisoma?

Kurasa_Mbili (#1)
Wakuu, salaam.

Nina dai, nataka wanaojua walipige mawe. Riwaya ileile ya Kiswahili, ukiishika mkononi inakwenda. Ukiisikiliza ikisomwa, kufika sura ya tatu umeshapotea. Wala sisemi riwaya mbovu. Chukua Vuta n'kuvute ya Adam Shafi. Kwenye karatasi ni kitabu cha siku mbili: Yasmin kaozwa mtu wa umri wa baba yake, katoroka, kakutana na Denge, makachero wa Mwingereza wako nyuma yao, kurasa zinajifungua zenyewe. Sasa mpe mtu aisome kwa sauti. Mazungumzo marefu ya mistari mifupimifupi, na baada ya dakika mbili hujui tena nani kauliza, nani kajibu.

Upande wa pili, Paradise ya Gurnah kwa Kiingereza haimpotezi msikilizaji, ingawa nayo imejaa maongezi ya dukani na ya safarini. Tafsiri yake, Peponi, kwa karatasi naipa alama za juu, pengine kuliko asili yake, maana wale watu hatimaye wanaongea lugha waliyokuwa wakiongea. Lakini soma kurasa kumi za Peponi kwa sauti, ugonjwa ni uleule.

Swali: kosa ni la msomaji, la mwandishi, au la lugha yenyewe?

Bando_Limeisha (#2)
Kosa ni la bando. Kitabu cha saa nane, MB zinakata sura ya pili. Naweka kambi hapa, wajuvi waje.

Mwalimu_Ngeli (#3)
Ni lugha, na naweza kukuonyesha palepale panapovuja. Tazama sentensi hii:

Alimtazama, akamwambia amwache, naye akakataa kumwacha mpaka amjibu.

Watu wawili, viambishi vya nafsi kumi (hesabu mwenyewe), na vyote ni a- au m-/mw-. Hakuna hata kimoja kinachokuambia mwanamume ni yupi na mwanamke ni yupi. Msomaji wa karatasi akikwama, jicho linapanda mstari mmoja, linachukua jina, linashuka. Sikio halina ngazi hiyo. Likikosa jina limekosa, na sentensi inayofuata imeshaingia.

Ongeza tabia ya waandishi wetu ya kuacha "alisema fulani" baada ya kauli ya pili. Kwenye karatasi hakuna hasara: mstari mpya na alama za mtajo zinafanya kazi. Aya mpya haisikiki.

Dawa yake mwandishi anayo mkononi: jina au cheo kila baada ya kauli tatu au nne, na bora zaidi, mwito ndani ya kauli yenyewe. "Shangazi, mimi siendi." Hapo hata ukifunga macho unajua anayeongea ni mdogo, anaongea na nani, na wana udugu gani. Kiswahili kina ami, mjomba, mkaza mjomba, wifi, mke mwenza. Vyeo hivyo vinabeba mzigo ambao Kiingereza kinaubebesha kiwakilishi.

Sungura_wa_Nne (#4)
Mwalimu, kwa heshima zote, hapana. Wafini na Waturuki nao kiwakilishi chao cha nafsi ya tatu hakibagui mume na mke, na vitabu wanavisikiliza. Na kabla ya kwenda mbali, ngano zetu zimesikilizwa gizani miaka na miaka kwa a- hiihii. Mbona watoto hawakupotea?

Mwalimu_Ngeli (#5)
Ngano ina Sungura na Fisi. Mmoja mjanja, mmoja mlafi, sauti zao mtoto anazijua kabla ya hadithi kuanza, na wimbo unarudi kila baada ya tukio. Vuta n'kuvute ina mtaa mzima.

Chumba_Kimya (#6)
Mnaisingizia lugha. Kosa ni la koo, na la chumba.

Wengi wanaorekodi riwaya hawajaisoma hadi mwisho kabla ya kuwasha maiki. Wanakutana na mhusika kama wewe unavyokutana naye. Ukurasa wa 40 wanamwekea mzee sauti nyembamba, ukurasa wa 90 mwandishi anasema "kwa sauti yake nzito ya kukwaruza", na hapo ama urudie kurasa hamsini ama udanganye.

Kazi inaanza hivi. Soma kitabu chote kimyakimya. Chora jedwali: jina, umri, anatoka wapi, hasira au upole, ukurasa anaotokea mara ya kwanza. Halafu wape sauti kwa vitu viwili tu, kimo cha sauti na kasi. Mmoja anavuta maneno, mwingine anayakata. Mwanamume asibane pua ili awe Yasmin; inachekesha kwa dakika moja na kuudhi kwa saa saba zilizobaki. Laini kidogo, polepole kidogo, basi.

Vipumuo ndivyo vinavyoua zaidi. Msikilizaji haoni aya, kwa hiyo mwonyeshe kwa ukimya: nusu sekunde mtu mmoja akimwachia mwingine neno, sekunde moja aya ikibadilika, mbili hadi tatu mahali pakibadilika. Sikilizeni rekodi nyingi za bure: vipumuo vyote vina urefu mmoja, kama mtu anayesoma orodha ya waliofaulu.

Maiki iwe shibiri moja kutoka mdomoni, kama sentimita 15 hadi 20, na isikuelekee moja kwa moja. Iweke pembeni kidogo ili pumzi ya "p" na "b" ipite kando. Kabati lililojaa nguo linashinda chumba cha vigae. Zima friji na feni. Kabla ya kuanza rekodi dakika moja ya chumba kitupu bila kusema kitu. Ukimya huo ndio utakaoupachika unapokata kosa. Ukipachika ukimya wa kompyuta, ule wa sifuri kabisa, msikilizaji anahisi kama simu imekatika.

Vipimo vinavyotakiwa na maduka makubwa ya vitabu vya sauti: kelele za chumba zisizidi desibeli -60, wastani wa sauti kati ya -23 na -18, kilele kisipite -3. Ukikosea, piga kofi moja, rudi mwanzo wa sentensi, siyo mwanzo wa neno. Kofi linaonekana kama mwiba kwenye mchoro wa sauti, unalikuta kwa jicho. Saa moja iliyokamilika inakula saa tano au sita za kazi. Anayekuambia amemaliza riwaya kwa wikiendi moja, usimsikilize, kwa maana zote mbili.

Bando_Limeisha (#7)
Kwa hiyo mvua ikinyesha juu ya mabati kitabu kinasubiri kiangazi?

Chumba_Kimya (#8)
Kinasubiri usiku. Saa saba hadi saa kumi. Baada ya hapo ni jogoo, adhana na bodaboda.

Kiti_cha_Dirishani (#9)
Hamjambo wadau. Huku Kenya kuna jibu ambalo hamjaligusa: nafsi ya msimulizi.

Siku Njema ya Ken Walibora (1996) inasikilizika vizuri hata ikisomwa na mtu wa kawaida, kwa sababu Kongowea anajisimulia mwenyewe. "Nili-" moja inaondoa nusu ya mafumbo ya Mwalimu wa #3, maana mmoja wa wale wawili daima ni mimi. Kidagaa Kimemwozea ni ya mwandishi huyohuyo, lakini inasimuliwa na mtu wa pembeni: Amani, Imani, Mtemi Nasaba Bora, Mwalimu Majisifu, wote ni a-. Iwekeni Siku Njema kando yake mtaona tofauti. Ndiyo maana pia Rosa Mistika ya 1974 na Kichwamaji za Euphrase Kezilahabi, zote nafsi ya tatu, haziendi masikioni.

La pili ni shule. Rekodi nyingi za vitabu teule mtandaoni si kitabu, ni uchambuzi. Msomaji anasoma aya moja, anasimama, anakutajia tashbihi, sitiari na taswira, anaendelea. Na hata akisoma kitabu chenyewe, koo lake limezoea darasa: kila methali anaipigia mstari kwa sauti. Riwaya ikisomwa hivyo inachosha hata kama ingekuwa ya mapenzi na bastola.

Ziwa_Magharibi (#10)
#9, hoja nzuri, mifano imeteleza. Rosa Mistika ni 1971. Kichwamaji ndiyo 1974, na Kichwamaji haiko nafsi ya tatu: Kazimoto anasimulia mwenyewe. Kwa hiyo mfano wako umehamia upande wako.

Lakini usishangilie. Nagona (1990) na Mzingile (1991), za Kezilahabi huyohuyo, nazo zina "mimi" anayesimulia, na hizo ndizo ngumu kuliko zote kwa sikio. Hakuna mkufu wa matukio wa kushika. Sura moja inaleta taswira juu ya taswira, na kila moja inataka usimame ufikiri. Kwenye karatasi unasimama bila kujua umesimama. Sauti haisimami. Ukitaka kuzisikiliza, zichukue kwa dakika kumi na tano, zima, rudia zilezile kesho yake, ndipo uendelee. Hakuna njia ya mkato.

Rosa Mistika, kwa upande wangu, inasikilizika vizuri kabisa ingawa ni nafsi ya tatu. Mwanzo wake tu: barua ya Charles kwa Rosa, baba yake Zakaria amelewa, kipigo, mama yake Regina hana la kufanya. Kila mtu ana kazi moja katika tukio, huwezi kuwachanganya.

Kiti_cha_Dirishani (#11)
Tarehe nimeikubali, na Kazimoto nimemwonea. Nagona naiacha kwenye rafu.

Faili_Safi (#12)
Swali kabla ya ugomvi: mnazungumzia mtu akisoma au simu ikisoma? Kwa sababu wengi wanaosema "nimeisikiliza" wamesikiliza simu inasoma PDF ya picha.

Sauti za mashine za Kiswahili zipo. Microsoft peke yao wana nne: Zuri na Rafiki za Kenya, Rehema na Daudi za Tanzania. Matamshi yanapita, shida ni maandishi tunayoyalisha. Kitabu kilichopigwa picha na kugeuzwa maandishi kinatoka hivi: "akamshika mkono mia moja kumi na mbili Sura ya Tano akamwambia". Namba ya ukurasa na kichwa cha sura vimeingia katikati ya sentensi. Halafu neno lililokatwa mwisho wa mstari, "wali-" chini yake "ochoka", linasomwa kama wali wa kula, kisha kitu kisichoeleweka.

Utaratibu wa kusafisha una mpangilio, na mpangilio una sababu. Kwanza ondoa vichwa na namba za kurasa. Pili unganisha maneno yaliyokatwa. Ukianza na la pili, kichwa cha ukurasa kitagandishwa ndani ya neno na hutakipata tena kwa kutafuta. Tatu, ng'. Programu za kuandikia hugeuza ile alama kuwa mtajo uliopinda, na mashine inaisoma kama mwisho wa nukuu: "ng" halafu "ombe", na kipumuo katikati. Tafuta zote, weka alama iliyonyooka, kisha jaribu na "ng'oa", "ning'inia", "ng'ambo". Nne, namba ziandike kwa maneno, kwa sababu baadhi ya sauti zikikutana na 1964 zinahamia Kiingereza. Tano, acha mstari mtupu kila mahali panapobadilika. Huo ndio ukimya wa sekunde mbili alioutaja wa #6.

Kitabu cha kurasa 200 kikifanyiwa hivyo kinachukua jioni mbili. Asiyefanya hivyo asilaumu riwaya.

Mwalimu_Ngeli (#13)
Faili_Safi, umeisafisha karatasi, bado hujasafisha silabi na mkazo. Mashine haijui mbuni ni ndege na mbuni ni mti wa kahawa. Ndege ana silabi mbili, mbu-ni. Mti una tatu, m-bu-ni. Vivyo hivyo "habari mbaya" na "mtu mbaya": ya kwanza mba-ya, ya pili m-ba-ya. Herufi ni zilezile, ngeli ndiyo inayoamua, na mashine haihesabu ngeli. Halafu barabara: mkazo kwenye "ba" ya pili ni njia ya magari, mkazo kwenye "ra" ya kwanza ni sawasawa. Kila kosa ni dogo. Yakiwa mia katika sura moja, ubongo unafanya kazi ya kusahihisha badala ya kufuata hadithi. Huo uchovu ndio anaouulizia mleta mada.

Bando_Limeisha (#14)
Mbuni kapanda mbuni kwenye barabara barabara. Nimeijaribu kwenye simu, imezima yenyewe.

Halafu Peponi, si Gurnah kaitafsiri mwenyewe? Kiswahili si lugha ya mama yake?

Darajani_Kwetu (#15)
Hapana sheikh. Gurnah anaandika kwa Kiingereza. Peponi kaitafsiri Ida Hadjivayanis, wakachapisha Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Nobeli. Paradise yenyewe ni ya 1994.

Na hapo nina langu. Nyote mnasema "Kiswahili" kama kipo kimoja. Hata katika Kiingereza chake Gurnah, ndani ya Paradise, Khalil wa dukani anamwita kijana Yusuf "kifa urongo". Mpe msomaji wa bara, atakutolea "kifa uongo", maana ndivyo ulimi wake ulivyo. Ni ule mmea unaojikunja ukiguswa, na utani wote umo humo: kijana kanyamaza, kajikunja, lakini hajafa. Na Khalil ni Mwarabu, wateja wanamcheka kwa matamshi yake. Msomaji asiyesikia tofauti ya Kiswahili cha Khalil na cha wateja atawafanya wote waongee kama taarifa ya habari ya saa mbili, na hapo mleta mada lazima apotee! Mwandishi kawatenganisha kwa lafudhi, msomaji kaifuta lafudhi.

Vitabu vya Unguja na Pemba vinataka kh, gh, dh na th zitoke. Na pumzi. Paa la nyumba halina pumzi, paa wa porini anayo. Kaa la moto halina, kaa wa baharini anayo. Kwenye maandishi hakuna tofauti, sikio la pwani linaidai.

Chumba_Kimya (#16)
Darajani, kweli tupu, ila tahadhari: pumzi hiyo ndiyo inayopasua maiki. Anayesoma paa wa porini asogeze kichwa pembeni kidogo. Na msomaji wa bara asiigize lafudhi ya Unguja asiyoijua. Lafudhi ya kuigiza inachosha haraka kuliko kutokuwa nayo.

Darajani_Kwetu (#17)
Basi mpeni asome mwenye nayo.

Saa_na_Dakika (#18)
Hakuna aliyegusa kasi, na mimi naona ndiyo mzizi.

Wasomaji wengi wamejifunza kutoka kwenye maelezo ya Kiingereza, na huko hutajwa maneno 150 kwa dakika au zaidi kidogo. Wanachukua namba hiyo wanaipachika kwenye Kiswahili. "Hatukumwambia" ni neno moja, lina silabi sita. Kiingereza kinahitaji maneno matano mafupi kusema hilohilo. Maneno 150 ya Kiswahili kwa dakika ni mbio za farasi. Msikilizaji anapokea mtenda, wakati, ukanushi na mtendwa ndani ya pumzi moja, mara 150.

Jaribuni 110. Hesabu maneno ya kurasa tano zilizojaa, pata wastani, zidisha kwa idadi ya kurasa, toa zile za mwisho wa sura ambazo ni nusu tupu. Tuseme umepata 60,000. Kwa 110 ni dakika 545, yaani saa 9 na dakika 5. Kwa 150 ni saa 6 na dakika 40. Mchapishaji anayelipa kwa saa ataipenda ya pili. Sikio litaipenda ya kwanza.

Kuhusu bando la #2: sauti moja haina haja ya kurekodiwa pande mbili, kulia na kushoto. Upande mmoja, kilobiti 64 kwa sekunde, ni MB 28.8 kwa saa, hivyo saa tisa ni kama MB 260. Ukishuka hadi 32 unapata nusu yake, lakini hapo s na th zinaanza kufanana, na "thamani" inakuwa "samani". 48 ni kati na kati: MB 21.6 kwa saa.

Sungura_wa_Nne (#19)
Na wale wanaosikiliza kwa 1.5?

Saa_na_Dakika (#20)
Hao hawasikilizi riwaya, wanaikimbiza. Kwa kitabu cha maarifa sawa. Kwa riwaya, vipumuo vya #6 vinakatwa theluthi moja, yaani aya zinafutika kabisa.

Mkia_wa_Sentensi (#21)
Nimesoma yote. Wote mnasema lugha, koo, mashine, kasi. Semeni na mwandishi basi.

Chukueni Kusadikika ya Shaaban Robert, 1951. Ni nafsi ya tatu, haina bastola, Kiswahili chake kizito. Na inasikilizika kuliko nusu ya riwaya zilizotajwa hapa. Kwa nini? Tazama ilivyojengwa. Karama yuko mbele ya baraza, kashtakiwa kwa kutaka kuwafundisha watu uanasheria. Anajitetea kwa kuwasimulia wajumbe sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa, Amini. Kila mmoja anatumwa upande mmoja, wanne wa dunia, kisha juu mbinguni, kisha chini ardhini. Kila mmoja anapata tabu, anarudi na jambo la manufaa, anatupwa gerezani. Mjumbe wa tatu akianza safari, sikio limeshajua njia. Linaacha kutafuta "nini kimetokea" na kusikiliza "safari hii kimesemwaje". Ule wimbo wa ngano wa #5 umejificha humo.

Na sentensi zake zina mizani. Anaweka neno, anaweka mwenzake, anapumzika. Msomaji hawezi kukosea mahali pa kuvuta pumzi hata akitaka.

Riwaya za baadaye zilijengwa kwa jicho. Anayeandika kwa jicho anaruka kutoka tukio hadi tukio kwa nyota tatu katikati ya ukurasa. Nyota tatu zinasomwaje?

Mwalimu_Ngeli (#22)
Shaaban Robert mzuri kwa sikio, nakubali. Kwa hadithi, wahusika wake ni sifa zenye miguu: Karama, Ridhaa, Auni. Ndiyo maana hawachanganyiki. Ukitaka watu wenye nyama utalipa kwa kuchanganyikiwa kidogo.

Mkia_wa_Sentensi (#23)
Bei hiyo mwandishi ndiye alipe, asimsukumie msikilizaji.

Hakimiliki_Hai (#24)
Naingilia kidogo kabla mtu hajapandisha kitu mtandaoni. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 iliweka uhai wa mwandishi na miaka 50 baada yake. Shaaban Robert alifariki 1962, kwa hiyo kwa hesabu hiyo miaka iliisha mwishoni mwa 2012. Kezilahabi alifariki 2020, kwa hiyo ni hadi 2070. Peponi ina haki mbili, ya mwandishi na ya mtafsiri, na utahitaji zote.

Tena haki ya kuchapa na haki ya kurekodi ni vitu viwili. Mchapishaji anaweza kuwa na ya kwanza tu, ya pili ikabaki kwa mwandishi au warithi. Ombeni kwa maandishi, mtaje lugha, muda wa ruhusa, na kama mtauza au mtagawa bure. Na msijifiche nyuma ya Mkataba wa Marrakesh wa 2013: huo ni kwa nakala za wasioona na wengine wasioweza kusoma chapa, zinazotengenezwa na taasisi zilizoruhusiwa, siyo kwa chaneli ya mtu.

Kurasa_Mbili (#25)
Asanteni. Nimefanya jaribio kwa kurasa mbili za mazungumzo, zilezile, mara tatu. Ya kwanza kwa mwendo wa kawaida, vipumuo sawasawa. Ya pili kwa maneno 110 na vipumuo vya #6. Ya tatu kama ya pili, lakini nimeongeza jina au cheo kila kauli ya nne kama alivyosema Mwalimu. Wasikilizaji wanne wasioijua riwaya, kila mmoja aandike nani kasema kila kauli.

Ya pili ilishinda ya kwanza kwa mbali. Ya tatu iliishinda ya pili kidogo tu, na wawili walilalamika kwamba majina yanarudiwa kama mkutano wa kijiji. Kwa hiyo Mwalimu, koo limekupiga bao.

Mwalimu_Ngeli (#26)
Wanne si watu wa kupigiwa bao. Na waliisikia mara tatu. Ya tatu wangejua hata ikisomwa na friji.

Chumba_Kimya (#27)
Friji ilizimwa.

Ila hapo Mwalimu ana haki. Kila msikilizaji apewe toleo moja tu, na maneno ya kuongeza usiyaongeze bila ruhusa ya mwenye kitabu. Msomaji hahariri.

Ziwa_Magharibi (#28)
Wakati tupo hapa, nisaidieni. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, 2001. Mhusika mkuu anaitwa K. Herufi moja. Kwenye karatasi jicho halitamki kitu, linaona umbo tu, na nadhani ndiyo maana ya kumpa herufi badala ya jina. Kwa sauti lazima uchague. "Kei" au "Ka"?

Darajani_Kwetu (#29)
Kei. Hakuna anayesema Ka akitaja herufi za jina lake.

Mkia_wa_Sentensi (#30)
Ka. "Kei" inampa Uingereza ambao mwandishi hakumpa.

Mwalimu_Ngeli (#31)
Ukisoma "Ka akamwambia", umeweka ka mbili zinazofuatana. Jaribu kuisema mara kumi.

Chumba_Kimya (#32)
Amueni kabla ya sura ya kwanza. Ukibadili katikati, unarudi kukata kila K kwenye saa zote za kitabu.

Bando_Limeisha (#33)
Ka akakataa kukaa. Hii nayo imeizima simu.